Chekeche la Mama na Jiwe la Mwenyekiti

Nilimwazimisha mchimbaji wa almasi chekeche la unga la mama. Kosa lenyewe ndilo hilo. Nimelisema mwanzoni ili msije mkafika katikati mkidhani mnasoma habari za mtu mwenye akili. Mengine yote, yaani harusi kugeuka machimbo, Mwenyekiti wa Kijiji kulindwa chooni na mgambo, na mimi kustaafishwa kwa manufaa ya umma hata ndevu sijaota, yalitoka kwenye chekeche hilo.

Ndiyo, nimestaafu. Wengine hustaafu na mvi wakapewa baiskeli na hotuba. Mimi nimestaafu nikiwa kidato cha pili, na kiinua mgongo changu kilikuwa kukwangua masufuria mpaka yang'ae. Nilikuwa msaidizi wa mwokaji keki. Mwokaji ni mama yangu, Mama Kulwa, na kiwanda ni jiko la mkaa nyuma ya nyumba yetu, upande wa huku wa Maganzo, katika kijiji ambacho kila mtu anatembea akiangalia chini. Mgeni hudhani tuna adabu sana. Tunatafuta mawe.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mlio shule ya msingi, hasa wale ambao mama zao wamekwisha kuwaambia, "Njoo unishikie hapa kidogo." Mjue kwamba hiyo "kidogo" ndiyo ajira. Mimi niliambiwa nishike bakuli kidogo nikiwa darasa la tatu, wenzangu wakicheza gololi, na nilipokuja kuliachia wenzangu walikuwa wameshaanza kunyoa.

Kwanza muijue bidhaa. Keki ya sponji si keki ya godoro, ingawa hapa kwetu ukisema sponji watu wanakuuliza ni ya futi ngapi. Ina mayai, sukari na unga wa ngano, basi. Siagi ikipatikana unapaka sufuria, isipopatikana unapaka samli, na hiyo nayo isipopatikana unapaka matumaini. Haina hamira. Kinachoiinua ni hewa. Hewa, wadogo zangu, ndiyo bidhaa pekee ambayo duka la kijiji halijawahi kuishiwa, na mpaka leo hatujaambiwa tupange foleni tukiwa na kibali cha Balozi wa Nyumba Kumi.

Hewa hiyo inaingia kwa mkono wa mtoto wa mtu. Unavunja mayai, unatia sukari, unakalisha bakuli juu ya maji ya uvuguvugu, halafu unapiga kwa uma mbili zilizofungwa pamoja kwa uzi. Unapiga mpaka rangi ya manjano ipauke na povu lijae, na ukiinua uma lile povu linadondoka taratibu kama utepe na kukaa juu ya mwenzake bila kuzama. Likizama, endelea. Mkono ukikufa, badili mkono. Mikono yote miwili ikifa, ndiyo mama anakuja kukuuliza kwa nini umesimama.

Saa hatukuwa nayo. Mama ni mtu wa Ushirombo, alikulia karibu na misheni, na keki alifundishwa na sista mmoja mzungu ambaye naye hakuamini saa, aliamini rozari. Kwa hiyo mayai nyumbani kwetu yanapigwa kwa rozari nzima, na keki inakaa motoni kwa rozari nzima nyingine, pamoja na litania kama mkaa ni wa mti laini. Ni kipimo kizuri sana kwa mtu mwenye imani. Mimi nilikuwa na haraka ya mpira. Kuna Jumamosi nilisali rozari ile kwa mwendo ambao hata Mama Maria mwenyewe asingeambulia neno, nikatangaza kwamba povu limeiva. Keki ikatoka motoni bapa kama kandambili. Mama akaitazama, akanitazama, akasema tu kwamba inaonekana mayai haya ni ya mpagani. Nikarudia kwa sauti, neno kwa neno, yeye akiwa amekaa mlangoni anachambua mchele na kunisahihisha.

Baba, ambaye ana ng'ombe na hana maneno, keki anaiita mkate wenye kiburi. Hutuma mtu amletee kipande kila inapookwa, kwa ajili ya uchunguzi.

Jingine ni karatasi. Lazima utandike karatasi iliyopakwa mafuta chini ya sufuria, la sivyo keki haitoki. Karatasi nzuri hakuna, kwa hiyo nilichana daftari langu la hisabati, lile ambalo nilitaka lipotee kwa sababu zangu binafsi. Keki ile ilikuwa ya kumuaga mwalimu wetu anayehama. Ilipopinduliwa kwenye sinia mbele ya walimu wote, chini yake palikuwa pamechapika wino mwekundu wa mwalimu mwenyewe, umejipindua kama maandishi kwenye kioo: mkasi mkubwa wa kukosa hesabu, na neno "Jitahidi." Mwalimu alikula upande wa mkasi. Tangu hapo tumetumia magazeti. Magazeti hayana shida, maana habari njema zilizomo hazijawahi kushika kwenye kitu chochote.

Na oveni? Oveni wanayo wake wa wakubwa wa mgodini. Sisi tuna sufuria kubwa lenye mchanga chini, sufuria dogo lenye keki ndani yake, kipande cha bati juu, na makaa juu ya bati. Moto wa juu uzidi wa chini, nawaomba mshike hilo. Ukizidisha wa chini utalisha watu mkaa wenye sukari. Ukitaka kujua imeiva, chomeka njiti ya ufagio mpya. Nimesema mpya. Sitaeleza kwa nini nimesema mpya.

Sasa chekeche. Unga wa ngano wa siku hizi ukipatikana huwa umeshakaliwa na wapangaji. Kuna fukusi, kuna nyuzi za gunia, siku moja tulikuta kifungo cha shati. Ndiyo maana mama huchekecha mara tatu, na mwisho anagonga ukingo kwa kiganja, pa, pa, pa, ili hata ule uliong'ang'ania ushuke. Chekeche lake lina waya mwembamba wa shaba, alipewa na yule sista alipokuwa anarudi kwao, na linatundikwa kwenye msumari wake peke yake, juu ya picha ya Moyo Mtakatifu. Haliazimwi. Shangazi yangu aliwahi kuliomba na mpaka leo wanasalimiana kwa kiasi.

Haya. Mwenyekiti wetu wa Kijiji alikuwa anamwoza binti yake kwa karani wa Shinyanga mjini. Watu wa mjini walikuwa wanakuja, na Mwenyekiti hakutaka waseme wamekwenda kuoa porini. Akamwita mama na kumwambia anataka keki ya sponji, kubwa, nyeupe, ya kukatwa kwa kisu chenye utepe. Mama akasema unga umekwisha dukani. Mwenyekiti akasema anajua, ametangaza yeye mwenyewe. Jioni ile unga uliokwisha dukani ukaletwa kwetu kwa baiskeli kutoka nyumbani kwake, na sukari iliyokwisha ikaufuata. Akamwambia mama kwamba keki ikimpendeza atapata kibali cha sukari kila mwezi, aoke mpaka achoke. Isipompendeza, alisema, basi hata kile kibali kidogo alichonacho kitaangaliwa upya. Mnaelewa? Mama hana shamba kubwa. Ada yangu ya shule, sabuni ya nyumba na mchango wa kanisa vyote vinatoka kwenye lile sufuria la mchanga.

Ijumaa mchana, mama akiwa kanisani kupamba maua, ndipo Nkwabi alipokuja. Nkwabi ni mchimbaji. Anachimba kwenye mashamba ya watu kwa leseni ambayo anasema ameiacha nyumbani, na nyumbani kwake wanasema ameondoka nayo. Kiswahili chake kimepita Usukumani na kuacha herufi moja huko. Chekeche lake la tundu ndogo lilikuwa limetoboka, na macho yake yalikuwa yameshafika juu ya Moyo Mtakatifu kabla hajapokea shikamoo yangu.

Nikamwambia haiwezekani, lile ni la unga.

"Bebe Shija, chekeche ni chekeche," akasema, na "bebe" kwa Kisukuma ni wewe. "La mama yako linatafuta wadudu, langu linatafuta utajili. Wewe unataka lipi?"

Akaongeza kwamba likipatikana jiwe ataninunulia saa ya mkononi. Nikafikiria rozari zote nilizokwisha kupigia mayai. Nikapanda juu ya kigoda.

Nilikwenda naye mpaka bwawani, kulinda mali ya ofisi. Nawaambia ukweli, nilivutiwa. Alitia changarawe kwenye chekeche, akalizamisha majini, akalizungusha na kulichezesha mpaka mawe mazito yote yakajikusanya katikati. Halafu akalipindua chini, pu, kwa mkupuo mmoja, akainua polepole akiwa amezuia pumzi, na pale chini kikabaki kitu cha duara kabisa. Nikaona kumbe ni kazi yetu ileile. Hivyo hivyo ndivyo mama anavyopindua keki kwenye sinia, na hivyo hivyo ndivyo anavyozuia pumzi. Tofauti ni kwamba ya Nkwabi haikatwi, inapekuliwa kwa kidole.

Kila alipoona kinachometa, alikiokota na kukitia mdomoni. Ndivyo wachimbaji wanavyofanya: wanakilowesha, wanakisikia ubaridi kwa ulimi, wanakigonga na meno, halafu wanakitoa na kukiangalia juani. Ikiwa jiwe ni la bure wanaliita chupa. Siku ile Nkwabi alisema "chupa" mchana kutwa, na kila aliposema alilirusha jiwe nyuma bila kutazama linakoangukia. Saa ya mkononi haikuonekana. Nikalisuuza chekeche, nikalikausha kwa shati, nikalirudisha msumarini. Mama alipofika nilikuwa nimekaa nasoma. Hilo peke yake lingemtosha kujua.

Jumamosi alfajiri tukaanza kazi. Mayai nilipiga kwa rozari kamili, kila neno mahali pake, maana sasa nilikuwa na la kuombea. Unga nikachekecha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nikagonga ukingo, pa, pa, pa. Na kwenye pa ya mwisho nikasikia kitu ndani ya bakuli kikisema "ti."

Nilijiambia ni fukusi. Fukusi hasemi ti, wadogo zangu. Lakini ningemwambia mama nimesikia ti, angeuliza ti ya nini, na kutoka ti mpaka bwawani si mbali. Nikanyamaza. Mama akachukua unga, akauingiza kwenye povu kwa mwiko kidogo kidogo, akiuzungusha upande mmoja tu, kwa ule mkono wake ambao hauna haraka, na keki ikaingia motoni. Ilitoka nzuri kuliko zote tulizowahi kuoka. Ukiibonyeza kwa kidole inarudi. Ilikuwa imeumuka mpaka mama akatabasamu peke yake.

Harusini mama alikalishwa mbele, karibu na wake wa viongozi, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Mshereheshaji akasema keki hii imeokwa hapa hapa kijijini kwa nguvu zetu wenyewe, watu wa mjini wakapiga makofi kwa adabu. Bwana na bibi harusi wakakata. Kipande cha kwanza akalishwa Mwenyekiti, baba wa bibi harusi.

Akafumba mdomo. Akatafuna mara moja. Kikalia "kach."

Si sauti kubwa. Lakini kijijini kwetu ile ni sauti ambayo mtoto anaijua kabla ya jina lake. Matarumbeta yalinyamaza bila kuambiwa. Mwenyekiti alisimamisha taya. Macho yakaanza kumzunguka taratibu, na shavu la kushoto likatuna kidogo, likasogea, likatuna la kulia. Alikuwa analipima. Akainua mkono kuelekea mdomoni, na hapo ndipo alipoona kwamba tunamtazama wote: wakwe, mgambo, Katibu wa Kijiji aliyekuwa ameshasimama, na Nkwabi kule nyuma juu ya benchi, amenyoosha shingo kama kanga.

Mnaijua sheria. Almasi ikionekana mbele ya watu ni ya serikali, na aliyeishika aeleze ameipata wapi. Mkono wa Mwenyekiti ukabaki hewani. Kisha koo lake likapanda, likashuka.

"Keki nzuri sana," akasema.

Tangu tuzaliwe hatujawahi kuona keki ikipendwa namna ile. Wazee ambao husema keki ni chakula cha watoto walipanga foleni. Hakuna aliyemeza kwa haraka. Watu walitafuna kwa meno ya mbele, macho juu, kama kuku anayekunywa maji. Waliopata makombo waliyafunga kwenye leso kwenda kuyachekecha nyumbani. Bibi mmoja asiye na jino hata moja alikodishwa na ukoo mzima awapitishie vipande vyao kwenye fizi, kwamba yeye hawezi kuvunja kitu. Ng'ombe wa harusi alibaki kwenye masufuria. Watu wa mjini waliondoka wakisema Wasukuma wanaheshimu sana chakula.

Mama alikuwa anaangalia sinia lililolambwa mpaka likang'aa, na shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Siku iliyofuata Mwenyekiti alitangazwa kuwa mgonjwa na asisumbuliwe. Katibu akaitisha Kamati, na Kamati ikaona kwamba mgonjwa wa namna ile anahitaji ulinzi. Mgambo akapangwa mlangoni kwa choo cha Mwenyekiti. Ndani ya choo ikawekwa ndoo, na kila ndoo ilipokaguliwa mgambo alipiga saluti, sijui kwa nani. Kwa azimio la Kamati Mwenyekiti akaletewa mapapai yaliyoiva, ale chini ya uangalizi.

Na mama akaitwa ofisi ya kijiji. Nilikwenda naye. Katibu alimweleza kwa upole sana kwamba ana makosa mawili na atachagua moja. Ikiwa kilichoko tumboni mwa Mwenyekiti ni jiwe la kawaida, basi amemdhuru kiongozi mbele ya wageni, na mambo ya keki na sukari yamekwisha hapo. Ikiwa ni almasi, basi anashirikiana na wachimbaji wa magendo, anaficha mali kwenye vyakula, na atapelekwa polisi Shinyanga. Kwa hiyo arudi nyumbani asubiri papai.

"Na kama si jiwe wala almasi?" mama akauliza.

Katibu alisema kosa la tatu litatafutwa.

Nilitoka pale mbio mpaka kwa Nkwabi. Nilimkuta amejipiga kofi la paja. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: jiwe limetoka kwenye chekeche alilotumia yeye, kwa hiyo ni lake. Limempita hivi hivi machoni, na yuko tayari kulidai hata kwa Mwenyekiti mwenyewe, mdomoni au kwingineko. Nikamwambia vizuri sana mjomba, twende ukaseme hivyo hivyo ofisini, maana mama anataka kupelekwa polisi. Nkwabi akakuna kichwa.

"Chekeche?" akasema. "Chekeche gani hilo unalosema, mtoto?"

Mimi nami sikuwa bora kuliko yeye. Nilikaa na lile neno kooni kama Mwenyekiti na jiwe lake. Nikimwambia mama, nitampa Katibu ushahidi kwamba kweli chekeche lake linatembea na wachimbaji. Nisipomwambia, anakwenda bila kujua anakwenda kwa nini. Nilichota maji, nikapasua kuni, nikafagia mpaka uwanja wa jirani. Mama alinitazama nikifagia, na macho yale yalikuwa mabaya kuliko fimbo.

Papai likafanya kazi.

Kijiji chote kilikuwa nje ya ofisi, mimi na mama tumeitwa ndani. Jiwe lililetwa kwenye kisosi, limefunikwa na leso, mgambo akitembea kwa mwendo wa gwaride. Mwenyekiti alikuja nyuma yake amepungua na hana furaha. Katibu akafunua. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, na lilimeta. Akalibana kwa kibano na kulikwaruza kwenye kioo cha dirisha la ofisi, kioo pekee kilichobaki. Kikatoka kistari cheupe. Watu wote tulisema "aaa" kwa pamoja. Katibu akavuta kiti na kuchukua kalamu, akamwambia mama aanze kueleza, jina lake kamili na la mume wake.

Mimi nikafungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Lakini Nkwabi alikuwa dirishani na hakuweza kuvumilia. Angeweza kuvumilia mama afungwe, hilo alikuwa ameshaonyesha. Asichoweza kuvumilia ni mtu wa kalamu apime jiwe kwa dirisha. Akaingia anasukuma watu, akiuliza kwa sauti ni nani aliyemfundisha Katibu kazi hiyo, maana hata chupa ya soda inakwaruza kioo. Akalinyakua jiwe kisosini. Na kwa mazoea ya maisha yake yote, akalitia mdomoni.

Watu wa mbele wakarudi nyuma hatua moja.

Nilimwona anakumbuka. Ilianzia kwenye macho, ikashuka mashavuni, ikafika miguuni. Mgambo alipiga saluti. Lakini fundi ni fundi, nawaambia. Kwa kuwa lilikwisha kuingia, Nkwabi alimaliza kazi. Akaliviringisha kwa ulimi, akaligonga na meno, akalitemea kiganjani, akalielekeza kwenye mwanga.

"Chupa," akasema. "Tena ni hii hii niliyoitupa Ijumaa pale bwawani. Kumbe niliilushia kwenye chekeche la Mama Kulwa, ikanasa kwenye ukingo, upande wa chini."

Kisha akajiziba mdomo, akakumbuka tena, akauzibua.

Vichwa vyote vikanigeukia. Mama hakugeuka. Niliona tu mgongo wake ukipumua.

Katibu alisafisha koo akasema basi, hata hivyo, lipo lile kosa la kwanza, la kumlisha kiongozi jiwe. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, kwa mara ya kwanza tangu harusi akionekana kuwa na nguvu. Hapo mama akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Mwenyekiti, nakuomba radhi," akasema. "Jiwe halikutakiwa kuwemo, na aliyelitia nitamwona nyumbani. Lakini mtu akikuta jiwe kwenye wali hulitema. Wewe hili ulilimeza kwa nini?"

Nje, mtu mmoja alicheka, akafuata mwingine. Mwenyekiti aliangalia dari, akawatafuta kwa macho wakwe ambao kwa bahati hawakuwepo, akasema kikao kimefungwa na Mama Kulwa hana hatia. Halafu, wakati watu wanatoka, akalichukua lile jiwe kwa leso na kulitia mfukoni. Alisema ni kidhibiti, kitahifadhiwa mahali salama, yaani kwake.

Hapo ndipo alipoharibu kila kitu, au alipotengeneza, sijui. Maana tulipokuwa tunarudi nyumbani nilisikia watu wakiongea njia nzima. Mchimbaji ni mwongo, walisema, anasema chupa ili apate kulinunua kwa bei ya chupa. Na Mwenyekiti angelihifadhi chupa? Hakuna mtu hata mmoja aliyeamini kwamba jiwe lile ni la bure, isipokuwa watatu tulioujua mdomo wa Nkwabi, yaani mimi, mama na mwenye mdomo.

Tulipofika, mama alishusha chekeche kutoka msumarini. Alilisugua kwa majivu na limau, akalisuuza, akalisugua tena. Mimi nilisimama karibu na fimbo ya mpera, nimejiandaa. Kabla hajamaliza, mke wa Balozi akabisha hodi: wana ubatizo, wanaomba keki ya sponji, ile ile kama ya harusi. Akaja mama mwingine wa kipaimara. Akaja mzee mmoja anayetaka ya kumaliza matanga ya kaka yake, na mama alipomwambia matanga hayana keki, alisema marehemu aliipenda sana, ingawa marehemu hakuwahi kuiona. Kila mmoja aliinama karibu kabla ya kuondoka na kunong'ona kwamba mama asibadilishe kitu, asibadilishe hata chekeche.

Mama aliwaitikia wote ndiyo. Alipomsindikiza wa mwisho alirudi, akalitundika chekeche juu ya Moyo Mtakatifu, akapiga ishara ya msalaba, akakaa kwenye kigoda. Ndipo aliponiita, na alichosema ni hiki, sijaongeza wala kupunguza:

"Shija, kuanzia leo umestaafu, chekeche langu usiliguse tena mpaka nife. Ila kabla hujatoka kazini, nenda kwa Nkwabi akanichagulie chupa nyingine, ndogondogo, zisizovunja watu meno. Na mwambie azioshe kwa maji, si kwa mdomo."